Mstari Usiotakiwa Kuwapo

Ngaire Tamblyn alifumba macho, akayafumbua, akainamia tena kioo cha mashine. Mstari ulikuwa palepale, mweusi tii.

Haukutakiwa kuwapo. Kwa miaka minne, katika maabara moja ya Dunedin, alikuwa akiifuatilia protini moja inayoiamuru seli igawanyike au itulie. Kwa kuwa haionekani kwa macho, aliitafuta kwa kingamwili iliyotolewa kwenye damu ya sungura, ikiuzwa katika kichupa kisichozidi kidole gumba. Kingamwili hiyo ilisifiwa kwamba huinasa protini ile tu, na pale inaponasa, mstari mweusi hujitokeza. Juma lile Ngaire alikuwa ameijaribu kwenye seli zilizoondolewa protini hiyo kabisa. Alitegemea utando wa kipimo, karatasi laini ambamo mistari hujitokeza, ubaki mweupe.

"Umechanganya mirija," alisema Sefina, fundi wa maabara, Msamoa aliyekwisha kuwalea watafiti wengi pale.

"Sijachanganya."

"Basi nimechanganya mimi. Nitupie mimi lawama, mabega ninayo."

Siku nyingine Ngaire angecheka. Alianza upya, na kwa siku mbili hakukalika. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Alitoka bila koti kwenye upepo wa kusini, akafika nusu ya mlima, akarudi mbio kana kwamba kuna kitu kinaungua. Sefina alimletea mkate wa jibini uliokunjwa na kuchomwa. Aliuzungusha mkononi mpaka ukapoa.

Mstari ukatoka tena. Akafungua kichupa cha pili, kisha cha tatu. Ukatoka.

Basi kingamwili ilikuwa ikinasa kitu kingine, na huenda ilikuwa ikinasa kitu hicho tangu mwanzo.

Akachukua picha ya mstari, akaenda kwa Profesa Struan Orrell, mkuu wake. Alhamisi ile Orrell alikuwa aende Auckland, ambako madaktari walijiandaa kuitumia kingamwili hiyohiyo kuamua ni mgonjwa gani wa saratani ya utumbo aendelee na dawa na nani aachishwe.

"Umechoka, Ngaire," alisema, picha ikiwa bado mkononi mwake. "Nenda nyumbani ukalale."

"Nimechoka kweli. Utando haujachoka."

"Tutalizungumza nikirudi."

"Ukirudi watakuwa wameshaanza! Kuna mtu ataachishwa dawa kwa sababu ya mstari huu, Struan."

Orrell aliifunika picha kwa daftari. "Nimesema nikirudi."

Alhamisi asubuhi Ngaire aliandika barua kwa daktari kiongozi wa Auckland. Aliifuta, akaiandika tena, akasimama, akakaa. Mwishowe akaambatisha picha za vichupa vyote vitatu, akaweka jina la Orrell kwenye nakala ili lisiwe jambo la kificho, akaituma.

Simu ililia kabla hajatoka kitini. Orrell alikuwa uwanja wa ndege.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nilikuomba uvue mwenyewe."

Akakata. Ngaire akajikuta amesimama, simu ingali sikioni. Sefina, aliyesikia yote, akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa, mwanangu, usije ukaniangukia. Na hivyo vichupa vyako nani atavipanga?"

Auckland wakasimamisha mpango. Makala ya Ngaire na Orrell kuhusu protini ile yakaondolewa kwenye jarida, na wenzake wawili wakaacha kumsalimia kwenye ngazi. Orrell alirudi, akawa anapita mbele ya mlango wa Ngaire macho yakiwa sakafuni. Yakapita majuma sita hivyo.

Katika majuma hayo Ngaire alijaribu kingamwili tisa za watengenezaji mbalimbali. Nane zilidanganya, kila moja kwa namna yake. Ya tisa ilichora mstari kwenye seli za kawaida, na kwenye zile zisizo na protini ikaacha weupe mtupu. Akaitumia kupima upya sampuli za wagonjwa kumi na wawili ambao nadharia yake yote, kwamba saratani yao huendeshwa na protini ile, iliwategemea.

Alikuwa akitazama matokeo Orrell alipoingia bila kubisha hodi.

"Nimesikia umepata inayosema kweli."

"Nimepata."

Orrell akasogea, akavaa miwani. Alihesabu mistari kwa kidole, akahesabu tena.

"Wawili tu?"

"Wawili kati ya kumi na wawili ndio walio nayo."

Wote walijua kwamba wawili hawabebi nadharia. Ngaire alijiandaa kutukanwa, na kwa mara ya kwanza tangu ule mstari utokee, hakuona haja ya kukimbilia popote.

"Yule wa Auckland aliniuliza kama nilijua kabla ya kupanda ndege," Orrell alisema taratibu. "Nikamwambia nilijua." Akavuta kiti cha Sefina. "Lete madaftari yako ya mwaka wa kwanza. Tuone kipi cha kufuta na kipi cha kubakiza."

Akayaleta, wakaanza kufuta.