Nyambizi Iliyolala Luzon

Tunu alikuwa hajalia, na nyumba nzima ilishaanza kulisema jambo hilo kwa sauti za chinichini. Hakulia simu ilipoingia kutoka Kibondo kwamba kaka yake Tamimu amegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Hakulia mwili ulipofika Kasulu, wala wanaume walipolibeba jeneza kwenda makaburini na wanawake wakabaki mlangoni wameshikana mikono. Alichota maji, akasugua masufuria, akatandika mikeka. Kila aliyempa pole alimjibu vilevile: "Tumeshapoa." Aliitazama mikono yake ikifanya kazi kama mikono ya mtu aliyekodishwa. Ganzi ilikuwa imemshika mwili mzima, kama shavu lililochomwa sindano ya jino.

"Msichana ana roho ngumu huyu," alisema Shangazi Shadia, dada wa baba yake, aliyekuja kutoka Ujiji na akakamata uongozi wa msiba kabla hajavua viatu. "Kaka mmoja tu aliyekuwa naye, na jicho kavu kama kokoto."

Tunu alisikia. Akaendelea kumenya viazi.

Siku ya hitima, asubuhi, vitu vya marehemu vililetwa kutoka Kibondo: godoro, mashine ya fotokopi, taa ya kupigia picha za paspoti, na kompyuta. Aliyevileta ni Gharibu, binamu yao, fundi wa kompyuta Kigoma mjini. Mzee Haidari, baba yao, alikuwa ameshaamua. Kompyuta itatolewa sadaka kwenye madrasa moja ya Ujiji, watoto wajifunzie, thawabu zimfuate Tamimu kaburini. Hakuna aliyepinga. Tunu naye hakupinga.

"Lini?" aliuliza tu.

"Leo leo, dada," Gharibu alisema. "Hitima ikiisha naondoka nayo. Nikifika naifuta yote, naipiga Windows mpya. Huwezi kupeleka madrasa kompyuta ina miziki na michezo ya ajabuajabu."

"Yote?"

"Yote. Inabaki nyeupe kama sanda." Alitambua alichokisema, akajikohoza.

Tunu alirudi jikoni, akaushika mwiko, akauweka chini. Mle ndani ya kompyuta kulikuwa na nyambizi. Ilikuwa bado baharini, na humo ndani kulikuwa na watu.

*

Mchezo wenyewe uliingia kwao mwaka 2012, wakati Tamimu alipokuwa akiendesha steshenari ya baba yao hapa Kasulu. Mtumishi mmoja wa shirika kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, alipitia dukani kutoa nakala za vyeti vyake akawaachia sidii. Ilikuwa ya vita vya pili vya dunia, upande wa Pasifiki. Unapewa nyambizi, unapewa bahari, unatafuta meli za adui usiku na mchana. Michezo mingine ya kompyuta ilikuwa ya kukimbia na kufyatua. Huu ulikuwa wa kungoja, na labda ndiyo maana ulipendwa na watu wa mji ambao umeme wake ulikuwa wa kungojwa.

Walielewa upesi kuliko mtu yeyote wa mji mkubwa. Nyambizi ikiwa juu ya maji huwasha injini za dizeli na kujaza betri. Ikizama hutumia zile betri, na zikiisha umekwisha. "Sasa hii si Kasulu kabisa?" Tamimu alicheka. "Jenereta juu, betri chini, na Mungu katikati."

Yeye alikuwa kapteni. Tunu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, alikuwa sikio. Alivaa hedifoni, akazungusha kile kimshale kwenye duara, akisikiliza maji. Alijifunza kwamba meli ya mizigo huvuma polepole kama mashine ya kusaga iliyolishwa mahindi mabichi. Manowari huenda haraka na kwa ukavu, kama cherehani. Akishaisikia alisema, "Kaka, cherehani, kushoto nyuma," na Tamimu alizima kila kitu.

Alizima na feni ya dukani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na waliishika kama watu wa madhehebu. Manowari ikiwa juu yenu, hakuna anayesema, si ndani ya nyambizi wala ndani ya duka. Mteja akiingia aliwekewa kidole mdomoni. Wengi waliondoka wakitukana. Lakini Mwalimu Ghati, aliyehamishiwa Kasulu kutoka Mara na aliyekuja kuchapisha mitihani, aliizoea mpaka akawa akiingia anasimama kando na karatasi zake kifuani, anauliza kwa nyusi tu: wameondoka? Tunu akitikisa kichwa, mwalimu naye alibana pumzi.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba chombo huletwa nyumbani. Huwezi kuchoka ukakiacha baharini, ukafungua safari nyingine. Ulikitoa bandarini, ukirudishe bandarini.

Kwa njia hiyo Tunu, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Tanganyika pale Ujiji, aliijua njia ya Luzon na Palawan, visiwa vya Ufilipino, kama anavyoijua barabara ya Titye.

Mwaka 2014 Tamimu alikwenda kufungua steshenari yake Kibondo, akaichukua ile kompyuta. Mwaka uliofuata Warundi walianza kuvuka mpaka, kambi ya Nduta ikafunguliwa tena, na mji ukajaa watu wanaohitaji picha na nakala. Hakuwa na nafasi hata ya kula. Ila wiki chache kabla ya lori lile, alipiga simu.

"Sikio."

"Kapteni."

"Nimeingia Luzon peke yangu, nimebanwa. Wapo wawili juu. Siwezi kusikiliza na kuendesha kwa pamoja, utaniua mchezo huu. Nimeilaza chini kimya, nimehifadhi hapo hapo. Nikija mwisho wa mwezi tunaitoa."

"Betri?"

"Usiniulize betri."

Alicheka, akakata simu. Mwisho wa mwezi alikuja, ila kwa namna nyingine.

*

Wanaume waliketi mbele, chini ya turubai, wakigawana juzuu. Wanawake walikuwa uani. Tunu aliibeba kompyuta mwenyewe, kipande kimoja kimoja, mpaka chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linaangalia ua, akaunganisha nyaya. Umeme ulikuwepo. Alivaa hedifoni za Tamimu. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa.

Sikio moja halifai. Kwa sikio moja unasikia kwamba adui yupo, hujui yuko upande gani. Alizivua, akazichomoa, akawasha spika mbili ndogo zilizokuja pamoja na kompyuta, sauti akaishusha. Alijua anachokifanya. Alijua kwamba mapanga ya meli yanayokata maji ni sauti ndogo, na kwamba kitakachofuata baada ya mapanga si sauti ndogo. Alifunga dirisha, akafungua safari.

Ilikuwa pale pale alipoambiwa. Maji ya kijani kibichi kama chupa, kina kikubwa, injini zimezimwa, betri imebaki kidogo kama mafuta ya mwisho kwenye kibatari. Na juu, cherehani mbili.

Aliangalia viti viwili vya mule chumbani. Akakaa kwenye kile ambacho angekikalia kapteni, kisha akakisogeza katikati.

Moja ilikuwa mbali, inazunguka. Nyingine ilikuwa inakuja moja kwa moja. Tunu hakutikisika. Alikumbuka Tamimu akimfundisha kwa kalamu mbili juu ya meza ya duka: manowari ikikimbia haisikii, kelele zake zenyewe zinaiziba masikio. Na mapipa ya baruti inayoyatupa majini yakilipuka, bahari yote inakuwa makelele. Ndani ya makelele hayo ndipo nyambizi inapata nafasi ya kuondoka. Kwa hiyo huwezi kutoka kimyakimya. Lazima ungoje upigwe kwanza.

Nje walikuwa wamefika kwenye dua. Sauti ya shehe ilipanda, wote wakaitikia amina, kukawa na utulivu ule unaoshuka watu wanapoinamisha vichwa.

Mapipa yakalipuka.

Spika zilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kitupu na paa ni la bati. Mlio ulitoka mzito, mmoja, miwili, mingi, kioo cha dirisha kikatetemeka. Tunu aliwasha injini, akakata kulia, akashuka zaidi. Uani vikombe vilivunjika.

Akachungulia. Wanawake walikuwa wamesimama wameduwaa. Mmoja tu alikuwa chini, kifudifudi kwenye matope ya mvua ya jana, mikono kisogoni, sinia kando yake. Alikuwa Immakulata, mama wa Kirundi kutoka Nyarugusu, aliyekuja kusaidia kupika kwa sababu alikuwa akiwauzia watu wa nyumba hii mchicha na alimfahamu Tamimu tangu zamani za kupigwa picha ya kitambulisho.

Tunu alizima sauti. Chombo alikiacha kikienda, akatoka nje, akapiga magoti matopeni.

"Mbabarira, mama," alimwambia kwa Kirundi. "Nisamehe. Ni mimi. Hakuna kitu."

Immakulata alifumbua jicho moja. "Kile ni nini?"

"Mchezo. Wa kwenye kompyuta. Wa kaka."

"Mchezo." Alilirudia neno lile kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. Akaketi, akajifuta uso kwa khanga. Mikono akaikalia. "Mabomu, wanatupiwa nani?"

"Watu wa ndani ya chombo. Chini ya maji."

"Wamepona?"

"Sijui bado."

Immakulata aliokota sinia. "Basi nenda kaangalie," alisema. "Huwezi kuwaacha hivyo."

Tunu akanyanyuka. Shangazi Shadia alikuwa ameshafika mlangoni, kaujaza mlango. "Zima takataka hiyo. Sasa hivi."

"Nikizima watakufa, Shangazi."

"Nani watakufa? Aliyekufa ni kaka yako."

"Nipishe."

Akapenya chini ya mkono wake, akafunga mlango kwa komeo.

Walikuwa wamepona. Manowari mbili zilikuwa zinazunguka pale pale, zinapiga maji matupu. Tunu alikwenda kimya, taratibu, betri ikielekea kuisha, bila kusikia chochote, maana sauti hakuirudisha. Alipojua ziko mbali alipanda juu. Akawasha dizeli, akaweka uso wa chombo kusini, Fremantle, bandari yao, akabonyeza kitufe cha kuharakisha siku. Mchana na usiku vilipishana kwenye kioo kama mtu anayefumba na kufumbua macho. Mlango ulikuwa ukigongwa. Visiwa vilipita. Mlango uligongwa tena, safari hii na baba yake, mara moja tu, bila nguvu.

Nyambizi iliingia bandarini ikafunga kamba. Likatokea lile andiko la kawaida la kumpongeza kapteni. Tunu alilisoma mpaka mwisho. Aliingoja ile ganzi ivunjike, kwani alidhani ndipo ingevunjika. Haikuvunjika. Akaizima kompyuta kwa utaratibu unaotakiwa, akachomoa nyaya, akazikunja, akafungua mlango.

*

Walimkalisha sebuleni. Mzee Haidari alikuwa kwenye kiti chake, kofia mkononi. Shehe alikuwa ameshaondoka bila kunywa chai, na jambo hilo Shangazi Shadia alikuwa amelisema mara nyingi kiasi cha kulichosha. Gharibu alipita nyuma yao amekumbatia monita, akitembea kwa ncha za vidole.

"Ulikuwa unafanya nini, Tunu?" baba yake aliuliza.

"Narudisha chombo cha kaka, Baba. Alikiacha katikati. Gharibu angekifuta na watu wake."

Mzee Haidari aliinamia kofia yake. Aliwahi kufukuzwa kwenye duka lake mwenyewe kwa kidole mdomoni.

"Mnamsikia?" Shangazi Shadia aliwageukia wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni. "Hitima ya kaka yake, watu wamenyanyua mikono, yeye anacheza. Chozi hana, aibu hana. Sasa sikiliza, mwanangu. Utaomba radhi hapa, mbele ya watu hawa. Kwa baba yako. Kwa shehe, nitakupeleka mwenyewe. Na kwa marehemu."

Tunu alitazama mlangoni. Immakulata alikuwepo, matope yamemkaukia kwenye khanga, kikombe cha chai mkononi. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alimwinulia Tunu nyusi, kama Mwalimu Ghati enzi zile: wameondoka? Tunu akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Nimeshaomba radhi," Tunu alisema. "Kwa mama huyu. Yeye nilimtisha, na yeye nimemwangukia."

"Na sisi?"

"Nyinyi mlikatishwa dua, mkaendelea nayo. Kompyuta ile pale, inaondoka, sikuizuia. Kaka angekuwa hai angekuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, na mngemkasirikia yeye."

"Tunu. Nakuambia kwa mara ya mwisho. Omba radhi."

Nje Gharibu aliwasha gari. Tunu alisikiliza injini, kwa mazoea, akapima inaelekea wapi.

"Siombi, Shangazi," alisema, akainuka kwenda kuokota vikombe vilivyovunjika.