Mfuko wa Ndani

"Mfuko uwe hapa, kwa ndani, upande wa kushoto," shemeji yake fundi alisema, akiligonga koti kwa kidole. "Tumia turubai, usije ukachanika."

Akatoa kipande cha katoni alichokikata kwa kisu, akakiweka juu ya meza. Fundi cherehani alikitazama. Kilinyooka kama kiganja, kisha kikapinda ghafla kuelekea chini.

"Cha kuwekea nini?"

"Miwani."

Miwani gani hiyo yenye kiwiko? Fundi alijikausha, akamwambia arudi kesho jioni. Shemeji alipotoka, alitembea karibu na ukuta, akigeuka nyuma kila mara kama mtu aliyesikia anaitwa.

Tangu wezi wavunje duka lake la saruji na mabati, mtaa mzima ulikuwa umebadilika. Duka la dawa liliweka mlinzi mwenye bunduki, na wagonjwa wakaanza kuomba vidonge vya kichwa kwa kunong'ona. Mwenye mashine ya kusaga akavumishiwa kwamba naye anayo moja ndani ya pipa la pumba. Hakukubali wala hakukana. Alifurahia tu namna watu walivyoacha kumtania. Siku hizi watu walisalimiana wakitazamana viunoni.

Kesho yake asubuhi akaja mdogo wake fundi, mke wa shemeji huyo, mtoto mgongoni. Hakuwa na nguo ya kushonesha.

"Dada, nina neno."

"Nalijua. Bastola."

Mdogo mtu akajiachia juu ya gunia la vipande vya vitambaa. "Ana kibali chake, si ya magendo. Lakini inalala chini ya mto wetu. Nikitaka kuamka usiku lazima nikohoe kwanza, nijitaje. Juzi baba mkwe katoka zake chooni, akaelekezewa kifuani. Babake mzazi, dada! Mpaka leo mzee hataki hata kuketi naye sebuleni."

"Na wewe ukasema nini?"

"Niseme nini? Anadai wezi walipewa habari na mtu wa ndani. Akisema 'mtu wa ndani', macho yake yako kwangu."

Kabla fundi hajajibu, wakaisikia sauti ya shemeji nje, akiitikia salamu za muuza chai. Jioni ilikuwa bado mbali. Mdogo mtu alinyanyuka kama aliyekalia moto, akajificha na mwanawe nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Koti langu," shemeji alisema akiwa bado mlangoni.

"Sijaligusa. Na mfuko huo sitaushona, shemeji."

Akamkazia macho. "Nani amekutuma?"

"Nani wa kunituma? Moyo wangu umekataa tu."

"Moyo! Mmekaa mkapanga. Mwenzio katoka nyumbani leo bila kuaga. Mnadhani mimi sioni?"

Pazia likatikisika. Hapakuwa na upepo.

"Nani yuko huko?" Mkono wake ukaingia chini ya shati, kiunoni, ukabaki humo humo.

"Mteja. Anajaribu gauni."

"Atoke."

"Hajavaa, shemeji. Utamtoaje mke wa mtu hajavaa?"

Fundi akajikuta amesimama katikati, mgongo wake karibu uguse pazia. Hakusogea. Aliuona msuli wa mkono ule ukikaza chini ya shati.

Nyuma yake mtoto akapiga chafya. Mbili, ndogo ndogo, kisha ule mguno wa kulalamika ambao baba yake alikuwa akiusikia kila asubuhi.

Mkono ukatoka taratibu, mtupu. Shemeji aliutazama kiganjani, akaugeuza, akautazama na nyuma.

"Mama watoto?" aliita, sauti imekuwa nyembamba.

Halafu akatoka, koti akaliacha mezani. Muuza chai alimkaribisha kwa kumwita mheshimiwa, hakuitika.

"Ameenda," fundi alisema.

Pazia halikufunguka. Chini ya upindo wake zilionekana nyayo mbili, mmoja umepanda juu ya mwingine, vidole vimejikunja. Fundi hakumhimiza. Aliketi kwenye cherehani, akakanyaga pedeli, akaiendesha bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka, ili mle chumbani iwemo sauti ya kawaida.