Macho Manne, Wawili

Kila asubuhi, kabla ya chai, Karani na mumewe walifanya kazi ambayo majirani waliiona ni ya watu waliokosa la kufanya: kuhesabu nondo. Mume, mwalimu mstaafu wa sayansi, alikuwa ametega taa bustanini juu ya ndoo kubwa, na ndani ya ndoo akapanga trei za mayai ili wadudu waliofuata mwanga wajifiche humo mpaka kukicha. Asubuhi aliketi kwenye kigoda, akainua trei moja moja na kutaja alichokiona. Karani, aliyekaa ngazini nyuma yake, aliandika. Wakimaliza, nondo waliachiwa waende zao, na kila mwisho wa mwezi nakala ya daftari ilikwenda kwa watafiti wa makumbusho.

Jina la Karani lilimganda kwa sababu ya kazi. Miaka thelathini aliketi mahakamani akiandika kinachosemwa, si kuuliza kama ni kweli. Na nondo wenyewe hakuwapenda hata chembe. Vumbi la mabawa yao lilimwasha ngozi, hivyo hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Mume anasema, mke anaandika. Mpango huo ulikuwa umedumu miaka tisa bila ugomvi, na jamani, ni ndoa ngapi zinaweza kujivunia hilo?

Sasa siku hiyo mvua ilinyesha alfajiri, na Karani ndiye aliyewahi kutoka. Alikuta maji yameingia kwenye balbu, taa imeungua, trei zimelowa chapachapa, na nondo hata wa dawa hakuna. Akazitupa, akapanga mpya, kavu. Alikuwa njiani kumwambia mumewe, mara akasikia maziwa yanafurika jikoni, akatimua mbio. Alipozima jiko na kurudi, mzee alikuwa ameshajiweka kigodani, trei mapajani, miwani puani.

"Daftari lipo?" aliuliza mume.

"Lipo, Mwalimu."

Karani alibana kicheko, akakaa ngazini kungoja aone atakavyoduwaa.

"Bibi Harusi, watatu," alisema mume. Hayo yalikuwa majina yao ya nyumbani. Yale ya kitaalamu waliyajaza watafiti wenyewe. "Jani Kavu, watano. Macho Manne, wawili, mmoja kachanika bawa."

Kalamu ilisimama. Mwanzoni Karani alidhani anataniwa, maana kwa utani mzee yule hajambo. Akainua macho amtazame vizuri. Vidole vya mumewe vilikuwa vinapapasa vishimo vya trei kimoja baada ya kingine, polepole, na vishimo vyote vilikuwa vitupu. Uso wake haukuwa na utani wowote. Karani alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

"Mwalimu," alisema, "nani yule getini?"

Mume aligeukia geti, hatua kumi tu kutoka pale, akatega sikio.

"Hakuna mtu."

Getini alikuwa amesimama mjukuu wao wa miaka saba, sare imepigwa pasi, begi mgongoni, anamngoja babu yake ampeleke shule kwa gari. Alimpeleka jana, alimpeleka juzi. Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa shati lake, pale pale zinapokaa siku zote.

Karani aliinuka, akazichomoa na kuzifumbata mpaka zikamuuma kiganjani.

"Tangu lini?"

Mume aliiweka trei chini kwa uangalifu, utadhani kweli ina kitu. "Ningesema ungenizuia kuendesha. Mama yake mtoto anatoka alfajiri kwenda kazini. Nani angempeleka?"

"Nimekuuliza tangu lini."

"Mwaka jana, mwezi wa tano. Nikitazama kitu, katikati kuna ukungu. Pembeni bado naona kidogo. Na njia ya shule naijua, mke wangu, kila shimo nalijua."

"Na nondo?"

"Nondo ni wale wale kila mwaka. Sikutaka daftari letu life."

Karani alirudisha kurasa nyuma. Mwezi baada ya mwezi, Bibi Harusi na Jani Kavu na Macho Manne, wote wamepangwa kwa mwandiko wake mzuri wa mahakamani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akaanza kusoma tarehe. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila tarehe aliyoiandika, mtoto alikwenda shule.

Mjukuu alikuwa amewasogelea. "Bibi, usimgombeze babu. Mimi namsaidia."

"Unamsaidia nini, mama?"

"Tuna mchezo wetu. Tukifika kwenye taa za barabarani ananiuliza rangi gani, namwambia. Nikisema nyekundu anasimama, nikisema kijani tunakwenda." Alirekebisha begi lake, amejaa fahari. "Nimekosea mara moja tu."

Mume aliinamisha kichwa. Karani alimvuta mtoto kifuani, begi na vyote, akamshikilia. Alitaka kuuliza hiyo mara moja ilikuwaje, lakini aliogopa jibu.