Kamera ya Kibanda cha Jibini

Siku ya tatu Emérita alikuwa bado ameinama juu ya kisanduku chake cha kamera, pale Nyamitaba, katika kibanda ambamo Papa Habumugisha hutengeneza jibini. Kisanduku alikiunda mwenyewe baada ya kumaliza masomo ya elektroniki Goma: kamera ndogo, na plake moja, yaani bodi ya elektroniki, yenye kichakataji kinachopokea picha, kuzibana na kuzihifadhi kwenye kadi. Alitakiwa kurekodi kazi yote ya saa mbili kwa picha safi. Falone, binti wa mzee aliyeolewa Kashuga, alitaka kufungua kibanda chake, na miguu ya baba haikumruhusu tena kwenda kumfundisha.

Lakini video ilikuwa inakwama. Maziwa yakitulia sufuriani, picha inakwenda vizuri kabisa. Papa akianza tu kukata mgando kwa kisu, picha inaruka, inasimama, kisha inarudi kazi imekwisha.

Emérita alibadilisha kadi, wapi. Akadhani ni joto la sufuria, akapepea kisanduku kwa mfuniko wa ndoo hadi mkono ukamuuma. Hali ikawa ileile.

"Papa, ninaweza punguza usafi wa picha. Haitakwama tena."

"Falone ataona vile maji inatoka mu fromaji?"

"Hapana. Ataona tu weupe."

"Basi usipunguze, mutoto wangu. Pale njo kazi yote iko."

Hapo Emérita akaacha kubahatisha. Aliziba kamera kwa kiganja: video ikaenda bila tatizo. Akaielekeza nje, kwenye majani yaliyokuwa yakiyumba kwa upepo: ikakwama. Basi kumbe picha ikiwa na mambo mengi ya kubana, plake inashindwa. Lakini mbona Goma ilifanya kazi hiyohiyo bila shida?

Akafungua kifuniko, alichokuwa amekikaza ili mvuke usiingie, akamwomba Papa akoroge. Mara taa ndogo nyekundu ya plake, inayoonyesha kuwa umeme unatosha, ikazimika, ikawaka, ikazimika tena.

"Umeme haufike!" akasema kwa sauti.

Alipima: volti nne na nusu badala ya tano. Goma kisanduku kilikaa kando ya betri; hapa betri ya sola ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya ua, na yeye mwenyewe ndiye aliyeunga waya mwembamba wa mita nane. Kazi ikizidi, umeme ulipungua njiani, na kichakataji kikajipunguzia mwendo.

"Mama Solange," alimwita mke wa mzee, "tunaweza leta betri huku?"

"Muikamate. Lakini redio iko inakuja nayo. Siwezi kosa habari ya saa sita."

Betri ikaja, redio ikaja, na Emérita akafunga waya mfupi na mnene. Papa akakata, akakoroga, akakamua, huku mtangazaji akisema yake pembeni. Video haikuruka hata mara moja.

Baadaye wakakaa watatu mbele ya kompyuta ya Emérita, wakila viazi na jibini ya wiki iliyopita. Papa alijitazama. Kabla ya kukata mgando, alijiona akiugusa kwa mgongo wa kidole, mara mbili, polepole, kama anayepima ugumu wake.

"Ile njo siri yako?" Mama Solange akauliza.

"Miaka makumi tatu, sikujua kama ninafanya vile."

Akakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine, akacheka. Emérita akarudisha picha nyuma, wakaiangalia tena.