Wingu la Shemasi Alapati

Mwezi wa Januari, shule zikiwa zimefungwa na lami ya Māngere, mtaa wetu sisi Wasamoa, ikinata kwenye ndala, vijana waliojiandikisha kujifunza kuchora katuni walikuwa wakikutana maktaba kila asubuhi. Karatasi zilitoka kiwanda cha makasha. Aliyezileta ni Shemasi Alapati mwenyewe, msimamizi wa zamu pale kiwandani na mtu wa kutabasamu. Alizibeba begani robota baada ya robota, akakataa soda, akaenda zake.

Mwalimu wao alikuwa Hinewai, mwanamke mfupi mwenye wino mpaka kwenye viwiko. Aliwafundisha kwanza kuugawa ukurasa kwa fremu, kisha viputo vya maneno.

"Kiputo chenye mkia uliochongoka, mtu anasema," alisema. "Kikiwa wingu, na viduara vidogo vinashuka mpaka kichwani, mtu anawaza. Wingu ni la msomaji peke yake. Waliomo ndani ya fremu hawalioni hata likiwagusa pua."

"Na wakiinua macho, mwalimu?" aliuliza Semisi, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Hawainui."

Losivale, binti wa Pelenato, alikuwa ameinamia ukurasa wake tangu asubuhi. Semisi alichungulia.

"Umechora nini hicho? Gimbi limefunikwa lisipoe?"

"Baba yangu."

Semisi alimsogezea kifutio chake kipya, ambacho hakuwahi kumwazima mtu.

Habari ya Pelenato tuliijua wote. Mwaka juzi mashine ya kukata makasha ilimuua Setu, mwanawe mkubwa, kaka yake Losivale. Mtoto wa Shemasi alijaribu kumvuta, akapoteza vidole. Shemasi alisema ni Setu aliyefungua kinga ya mashine ili kazi iende haraka, na kwa kuwa alisema Shemasi, ikawa hivyo. Basi Pelenato, ambaye hakuwa amemaliza hata kumlilia mwanawe, alifanya linalofanywa na Msamoa ambaye mtoto wake amemkosea mtu. Alfajiri alikwenda kuketi chini mbele ya nyumba ya Shemasi, kichwa ameinamisha, amejifunika ule mkeka laini wa ukoo, akisubiri kusamehewa au kupigwa. Shemasi hakumchelewesha. Alitoka na kikoi chake, akauinua mkeka kwa mikono yake miwili, akamkumbatia. Watu walilia, wakasema huo ndio Ukristo. Mkeka ukishainuliwa, jambo limekwisha. Halitajwi tena, na atakayelitaja ndiye mkosaji.

Pelenato alirudi nyumbani, akaishusha ukutani picha ya Setu pamoja na shada lake la makombe ya baharini, akaiweka chini ya kitanda. Ukutani ulibaki msumari. Tangu siku ile Losivale alitaka kitu kimoja tu, picha irudi kwenye msumari wake.

Vijana walipoanza kuvitia wino viputo vyao, viputo vilitokea mtaani juu ya vichwa vya watu. Vya maneno vilipasuka mtu alipofunga mdomo, havikuleta taabu. Mawingu ndiyo yaliyokaa. Akina mama walilalamika kwamba yanawasugua kofia zao nyeupe za kanisani, na madereva wa mabasi waliwaomba abiria wainame wakati wa kupanda. Mengi yalikuwa upuuzi mtupu. Mchungaji alionekana akiwaza nyama ya kopo katikati ya sala ya toba, na hakuna aliyemlaumu, maana ilikuwa karibu na saa ya kula.

Jumapili hiyo Shemasi Alapati alisimama kusoma matangazo. Wingu lake lilikuwa kubwa kuliko ya wengine, na herufi zake zilikuwa nzito, zimepangwa vizuri kama alivyofundisha Hinewai. *Kinga niliifungua mimi. Setu alikataa kuwasha. Nikamwambia awashe au aende nyumbani.*

Vipepeo vya akina mama vilisimama kidogo, kisha vikaendelea kupepea. Shemasi alitangaza mazoezi ya kwaya na ugonjwa wa bibi fulani. Kanisa zima lilijikausha. Losivale alimtazama baba yake. Pelenato alikuwa akisoma taratibu, midomo ikicheza, vile anavyosoma Biblia. Alipofika mwisho alianza tena. Halafu wimbo ukaanza naye akaimba.

Nyumbani, magimbi yalikuwa yameshatoka jikoni.

"Baba, umeliona," Losivale alisema.

"Kula."

"Setu alikataa. Watu wote wamesoma. Turudishe picha yake."

"Mkeka uliinuliwa, Losi."

"Uliinuliwa na mwongo."

"Uliinuliwa." Pelenato alivunja gimbi, akampa kipande kikubwa. "Nikifungua mdomo leo, ni mimi nitakayerudi kukaa pale chini. Na safari hii nitakaa na wewe na mama yako."

Juu ya kichwa chake palikuwa na wingu dogo. *Mwanangu alikataa.* Mvuke wa chai ulipita katikati yake. Losivale alilisoma, roho ikamuuma vibaya sana, akala gimbi lake.

Kesho yake alimkuta Hinewai akiosha brashi.

"Mwalimu, si ulisema waliomo ndani hawaoni?"

"Kwenye karatasi hawaoni, mwanangu."

"Na huku?"

"Huku wanajikausha." Hinewai aliikamua brashi kwa vidole. "Malizia ukurasa wako. Siku ya maonyesho imekaribia."

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa kanisa. Shemasi ndiye aliyealikwa kufungua kwa sala, kwa kuwa karatasi zilikuwa zake. Lakini wingu lake lilikuwa limezidi kunenepa wiki nzima, na alipofika mlangoni lilikwama. Alisimama pale na Biblia yake, akitabasamu. Alijaribu kuingia kwa ubavu, akashindwa. Chai ilikuwa inapoa. Kwa vile hakuna aliyekuwa ameliona wingu lile, hakuna aliyeweza kusema kinachomzuia Shemasi ni nini.

Pelenato aliinuka kwenye kiti chake. Alitoka nje, akaushika ukingo wa wingu kwa mikono yake miwili, akaliinua juu kabisa na kulikunja kidogo pande zote, taratibu, kama mtu anayeshika kitu kilichofumwa. Lilikuwa zito, mishipa ya shingo ilimtoka. Shemasi alipita chini yake.

"Asante sana, ndugu yangu Pelenato."

"Karibu ndani, Shemasi."

Losivale alikuwa amesimama karibu na ukurasa wake. Fremu ya kwanza ilikuwa mtu chini ya mkeka. Ya mwisho ilikuwa ukuta na msumari. Shemasi alizitazama zote mbili kwa makini, akamsifu binti kuwa ana mkono mwepesi wa kuchora, akaomba watu wafumbe macho. Losivale hakufumba. Alimwona baba yake peke yake mlangoni, amefumba macho, mikono bado iko juu.

Picha ya Setu iko chini ya kitanda mpaka leo. Nao mlango wa kanisa ni mwembamba kuliko ule wa ukumbi, kwa hiyo siku hizi Pelenato hufika kanisani kabla ya watu wote.