Eeh, Tangu Saa Tano

Mume wangu alikuwa mpakani mwa shamba la jirani, jembe mkononi, barakoa shingoni, akikohoa kila baada ya hatua tatu. Kilikuwa kiangazi cha tatu akifanya kazi ile. Alikwangua ukanda mtupu wa ardhi, usio na hata jani kavu, ili moto ukija ukose cha kula. Nilimpelekea maji nikamwambia barakoa huvaliwa puani.

"Sawa, daktari," akasema.

Sikuwa daktari. Nilikuwa mhudumu wa afya kwenye zahanati, na kila kiangazi maneno yangu yalikuwa yaleyale: kunyweni maji, jikingeni na vumbi, msipikie kwenye chumba kisicho na dirisha, msichome mabaki ya shamba bila mtu wa kuyalinda.

Lakini aliyechoma mabua, miaka mitatu nyuma, ni mimi. Asubuhi ilikuwa tulivu, nikasema niyamalize kabla ya kwenda kazini. Nikayachoma katikati ya shamba, nikayamwagia ndoo mbili za maji. Mume wangu alikuwa na homa, ameegemea mlango. Nikamwambia mambo mawili kwa pumzi moja: ayakoroge majivu na kuyamwagia maji tena, kisha akalale, asinyanyuke.

Nyumbani kwetu hatukusema moto umezimika. Yeye alikuwa na msemo wake: moto haufi, unalala tu, na ukitaka kujua usingizi wake, sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Nilikuwa nimeuzoea msemo ule hata zahanati nikawa nausema, wenzangu wakinicheka.

Saa sita nikampigia simu. Foleni ilikuwa imefika nje, na mimi napima mtoto uzito huku simu nimeibana kwa bega.

"Umelala?"

"Eeh," akajibu kwa sauti nzito. "Tangu saa tano."

Nikashukuru, nikakata.

Saa nane upepo ukaja, moto ukaamka. Ulichukua nusu ya shamba letu, ukavuka mpaka, ukala banda la jirani yetu, mama mmoja mfuga kuku, pamoja na kuku wake wote. Nilipofika sikulia. Nilisimama kwenye harufu ya manyoya yaliyoungua nikawaza kwamba sijala mchana.

Kesho yake mkaguzi wa zimamoto alituita sote uani kwa jirani. Akauliza nani alihakikisha moto umekwisha.

"Nilimpigia mume wangu," nikasema. "Nikamwuliza kama umelala. Akasema eeh, tangu saa tano."

Mume wangu akageuza kichwa, akanitazama. Nilimwona akilirudia lile neno kimoyomoyo, nami nikalielewa wakati uleule. Mimi niliuliza habari za moto. Yeye, mwenye homa, alinijibu habari zake mwenyewe. Nilimwambia akalale, akalala, na majivu yakampita kabisa akilini.

Alifungua mdomo. Kisha akaitazama sare yangu ya zahanati, akaufunga, akaufungua tena.

"Kosa ni langu," akamwambia mkaguzi. "Nilizembea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini nani angemsikiliza tena mhudumu aliyewasha moto akaenda zake, akauzima kwa simu? Tukarudi nyumbani, tukala, tukaosha vyombo. Hatukuliongea siku ile wala baadaye. Watu wakampa mume wangu jina la Bwana Usingizi, naye akawa anaitika. Nilijua ninapaswa kuona aibu. Niliitafuta sikuipata, nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi ile ilinifaa.

Kila kiangazi akaenda kumkwangulia jirani ule mpaka, peke yake, kwenye vumbi ambalo mimi mwenyewe niliwakataza watu. Kikohozi kikahamia kifuani. Nilimpa barakoa, nikampa dawa, nikampa maji. Kile kimoja alichohitaji sikumpa. Alifariki mwaka ule wa tatu, kabla ya mvua.

Wiki mbili baada ya mazishi nikaenda kwa jirani. Alikuwa anawawekea kuku maji. Nikamwambia yote nimesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa: mabua, simu, swali langu, jibu lake. Aliendelea kumimina mpaka maji yakafurika kwenye beseni, yakamlowesha miguu.

"Nilikuwa namwona anakohoa pale," akasema hatimaye. "Nikasema moyoni, mwache alime, si ndiye aliyezembea. Ungeniambia, dada, ningemnyang'anya lile jembe."

"Najua," nikasema.

Na kweli nilijua, tangu kiangazi cha kwanza.