Plagi za Gencho

Ijumaa asubuhi, saa mbili na robo, Zornitsa aliwasha kompyuta ya nyumbani ili achape matangazo ya kutimia mwaka mmoja tangu kifo cha baba mkwe wake, na kompyuta ikakataa. Haikukaa kimya kama kitu kilichokufa, hilo lingeeleweka. Feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, nembo ikatokea, kisha skrini nzima ikawa buluu, ikasema jambo kwa Kiingereza kwa muda usiotosha kusoma, ikazima, ikaanza upya. Nembo, buluu, giza. Nembo, buluu, giza. Alihesabu mara sita, kisha akabana kitufe mpaka ikakata roho.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Karatasi kumi na tano zenye ukingo mweusi, jina la marehemu, Gencho, mwaka aliozaliwa na aliokufa, maneno machache ya familia, na picha. Moja ya mlango, moja ya geti, nyingine za nguzo za umeme, kituo cha basi, duka la mikate na ubao wa kanisa. Zilipaswa kubandikwa leo, kwa kuwa kesho saa nne watu wangekwenda makaburini, na katika mji ule mtu ambaye hajaona karatasi hahesabu kwamba ameambiwa. Zornitsa alikuwa ameiacha kazi hiyo hadi siku ya mwisho. Wiki nzima kiwanda cha maziwa kilikuwa na ukaguzi, na yeye ndiye mkuu wa maabara. Aliomba ruhusa ya siku moja, na siku ikaanza hivi.

"Imekuwaje?" mama mkwe wake, Tsonka, aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa na miaka sabini na sita, na masikio ya paka. "Mbona inahema tu?"

"Haiwaki, Mama."

"Haiwaki vipi, na naisikia inaunguruma?"

"Inaunguruma lakini haiamki. Kama Plamen Jumapili asubuhi."

"Mwache mwanangu, yuko barabarani huko Ujerumani na lori lake." Tsonka akatokea mlangoni, kitambaa cha vyombo begani. "Picha imo humo?"

"Imo."

"Na mahali pengine ipo?"

"Haipo."

Picha ilipigwa uani mwezi wa tisa mwaka uliopita, majuma manne kabla ya Gencho kufa. Alikuwa amesimama kando ya tanuri la kuchomea pilipili, uso umejaa masizi, anacheka kinywa wazi bila meno ya juu, kwa kuwa meno aliyaacha kwenye glasi. Simu iliyoipiga ilitumbukia kwenye pipa la kabichi ya kuchachusha mwezi wa kumi na moja, Zornitsa alipoinama kuonja chumvi, na ilipoopolewa ilikuwa imekolea kama kabichi yenyewe. Bahati nzuri picha zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta. Bahati hiyo ndiyo sasa iliyokuwa ikigeuka buluu.

Matangazo ya siku arobaini na ya nusu mwaka yalitumia picha ya kitambulisho.

"Mwaka mzima ananikodolea macho pale mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi," Tsonka alisema. "Nilikuambia, mwaka ukitimia namtaka anacheka. Karatasi ya mwaka ndiyo inayokaa mpaka mvua iimalize. Nawe ukasema sawa."

"Nilisema sawa."

"Basi."

Zornitsa alimpigia simu Valko, fundi mwenye kibanda karibu na soko. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kuanzia nembo hadi giza. Valko alikuwa anatafuna.

"Diski imekufa, dada."

"Hujaiona."

"Nimeona mia kama hiyo. Ilete Jumatatu nikuwekee nyingine, nikupangie kila kitu upya, itakuwa kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo viage."

"Hujafungua hata kifuniko, tayari unazika?"

"Daktari mzoefu anajua kwa kusikia kikohozi."

"Daktari mzoefu anapima mkojo kwanza," Zornitsa alisema, akakata simu.

Aliporudi kwenye meza alikuta picha ya kitambulisho imeshawekwa juu ya kibodi. Tsonka alikuwa ameitoa kwenye droo ya sebuleni bila kuambiwa. Hakulia. Alikuwa anainyoosha pembe iliyokunjika kwa ukucha wa kidole gumba.

"Tumia hii," alisema. "Wamemzoea hivyo hivyo."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Fundi kasema."

"Fundi kala kiamshakinywa. Ngoja."

Zornitsa alichukua daftari na kalamu. Maabarani alikuwa na sheria moja aliyowatwanga nayo vijana wote waliopita mikononi mwake: badilisha kitu kimoja, andika, kisha ndipo ubadilishe kingine. Aliwasha tena, na safari hii kabla nembo haijaondoka akabonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mashine huisoma kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ikafunguka orodha ya kijivu. Pembeni juu kulikuwa na tarehe na saa.

Tarehe mosi Januari 2007. Saa sita na dakika nne usiku.

Aliitazama tarehe hiyo kwa muda. Kwenye chumba cha baridi cha kiwandani kulikuwa na kifaa kinachoandika joto la maziwa mchana na usiku. Siku moja kifaa kilionyesha mwaka usio sahihi, na msichana mmoja mgeni wa kazi akataka kumwaga tangi zima. Zornitsa alimzuia. Maziwa hayamwagwi kwa sababu saa imepotea. Unauliza kwanza nani aliyezima saa.

Akakumbuka jambo jingine, na hilo halikumpendeza. Kwa karibu wiki mbili, kila alipowasha kompyuta hii, yalikuwa yakitokea maneno meupe kwenye weusi, yakimwambia kwamba saa haijawekwa, abonyeze kitufe cha F1 aendelee. Alibonyeza akaendelea, kila siku, kama mtu anayefukuza nzi. Mfanyakazi wake angefanya hivyo na kipimajoto, angemrudisha nyumbani siku hiyo hiyo.

"Mama, kuna mtu anachomoa plagi ya kompyuta?"

"Kuna mtu!" Tsonka alisema. "Tuko wawili humu. Mimi."

"Lini?"

"Kabla ya kulala. Na nikienda kanisani, na nikienda dukani. Asubuhi nairudisha kabla hujaamka, nisije nikasikia kelele zako."

"Tangu lini?"

"Tangu arobaini."

Zornitsa aligeuza kiti. Alimjua Gencho na plagi zake, nani hakumjua. Radi ilichoma ghala la kaka yake akiwa kijana, na tangu hapo kila jioni alizunguka nyumba akichomoa: televisheni, redio, taa ya kusomea. Wageni walimcheka. Kompyuta hakuigusa hata siku moja. Alisema ni mali ya mkwe, na mkwe ana mdomo.

"Yeye alichomoa vitu vitatu," Zornitsa alisema. "Wewe unachomoa vingapi?"

"Vyote. Friji tu naiacha."

"Kwa nini na kompyuta?"

Tsonka alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Mzunguko wake wa vile vitatu ulikuwa unaisha upesi mno," alisema.

Zornitsa aligeukia tena kompyuta. Kisha akasema, "Niletee bisibisi. Ile yenye mpini mwekundu."

Alichomoa nyaya zote, akalaza sanduku la kompyuta mezani juu ya gazeti, akafungua ubavu. Vumbi lilikuwa limetanda kama unga kwenye meza ya mwokaji. Katikati ya ubao wa kijani, ikiwa imelala kwenye kikombe chake, palikuwa na betri bapa ya duara, kubwa kidogo kuliko kifungo cha koti.

"Hii ndiyo inayokumbuka saa umeme ukikatika," alisema. "Na mipangilio yote. Plagi ikiwa ukutani, haifanyi kazi, inakula usingizi. Ukichomoa, inaanza kazi. Ina miaka kumi na mbili, nawe umeifanyisha kazi ya usiku mwaka mzima."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua."

"Hujaua kitu. Umemaliza betri. Usijipe sifa."

Aliibanua kwa ncha ya bisibisi, akasoma namba iliyochorwa mgongoni, akaigeuzageuza. Namba hiyo alikuwa ameiona hivi karibuni. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mizani ya kupimia vyakula, akaipindua.

"We binti," Tsonka alisema, "sukari yangu iko juu ya hiyo mizani."

"Ilikuwa juu yake."

"Na ile ngano tamu ya kugawa makaburini kesho nitaipimaje?"

"Umepika ngano ya wafu miaka hamsini bila mizani."

"Na ni nani aliyeninunulia hii akisema mkono wangu unadanganya?"

"Leo udanganye."

Betri ya mizani iliingia kwenye kikombe kwa mlio mdogo. Zornitsa alirudisha nyaya, akawasha, akaingia kwenye mipangilio, akaweka tarehe ya leo na saa ya ukutani, akahifadhi. Nembo ikatokea. Tsonka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti hicho kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Buluu. Giza.

"Fundi kasema," Tsonka alinong'ona.

"Fundi hayupo hapa."

Aliandika kwenye daftari: betri mpya, saa imekaa, bado. Akaingia tena kwenye orodha ya kijivu na kuipitia mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, kamusi ya simu kando. Kwenye ukurasa wa tatu aliikuta diski yenyewe, imeandikwa jina lake lote na ukubwa wake. Alikaa sawasawa kwenye kiti. Diski iliyokufa haijitaji jina.

Chini ya jina hilo palikuwa na mstari unaosema mashine izungumze na diski kwa njia ipi. Njia zilikuwa tatu. Kwa wiki mbili mashine ilikuwa ikisahau saa tu; betri ilipoisha kabisa usiku wa jana, ikasahau na mipangilio, ikarudia ile njia ya kwanza, ya kiwandani, kama mzee anayerudia lugha ya utotoni wakati wanawe hawaijui. Zornitsa aliandika njia ya kwanza kwenye daftari ili aweze kurudi, akachagua ya pili, hakugusa kingine chochote, akahifadhi.

Nembo. Vidoti vidogo vikaanza kuzunguka. Havikukoma. Vilizunguka muda mrefu kiasi kwamba Tsonka alianza kusema jambo na kuliacha. Kisha likafunguka lile shamba la alizeti ambalo Zornitsa aliliweka kama pazia la skrini miaka sita iliyopita, na mafaili yote yakiwa yametapakaa juu yake ovyo ovyo.

"Eee," Tsonka alisema.

Kabla ya kufungua kitu chochote Zornitsa alichomeka flashi na kunakili picha zote, kisha akamtumia Plamen ile moja, iwepo angalau kwenye lori. Ndipo akaifungua kubwa, ikajaza skrini. Gencho, masizi, pilipili, ufizi. Nyuma yake kamba ya nguo, na suruali yake mwenyewe ikining'inia kichwa chini.

Tsonka alivaa miwani. Aliangalia muda mrefu, akisogea karibu, akirudi nyuma.

"Kifungo cha pili hakipo," alisema mwishowe. "Nilimwambia avue shati nishone. Akasema pilipili hazingoji."

"Niikate ianzie shingoni kwenda juu?"

"Usiguse. Chapa hivyo hivyo."

Kufika saa saba karatasi kumi na tano zilikuwa mezani. Walibandika wote wawili, Zornitsa akiwa na gundi, Tsonka akiwa na brashi na maagizo. Kwenye kituo cha basi jirani mmoja alisimama, akasoma, akajifanyia ishara ya msalaba, kisha akacheka kidogo na kuziba mdomo kwa aibu. Tsonka alimwambia acheke tu, picha yenyewe inacheka. Mlango wa nyumbani waliuacha wa mwisho. Tsonka alibandua karatasi ya nusu mwaka kwa kisu cha mkate, taratibu, akaikunja pamoja na picha ya kitambulisho na kuitia kwenye mfuko wa aproni.

Jioni, Zornitsa akiosha vyombo, alimsikia mama mkwe wake anaanza mzunguko. Televisheni. Redio. Taa ya kusomea. Kisha nyayo zikasimama.

"Na hii?" Tsonka aliuliza.

"Chomoa."

"Si umesema ndiyo iliyo—"

"Betri imebadilishwa. Usipochomoa hatutajua kama inashika. Chomoa."

Plagi ikatoka ukutani.

Asubuhi Tsonka aliirudisha mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakufanya hivyo kwa siri. Aliita. Zornitsa alikuja na nguo ya kulalia, akabonyeza kitufe, wakasimama wanangoja, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Hapakuwa na maneno meupe wala buluu. Alizeti zikafunguka, na pembeni chini ikakaa tarehe. Tsonka aliisoma kwa sauti, polepole, kama anayekagua barua ya serikali.

"Kumi na tisa Oktoba. Ndiyo leo hasa."

"Imeshika," Zornitsa alisema.

Kisha akaenda jikoni, akachota kijiko kimoja cha ngano kwenye bakuli kubwa lililofunikwa, akaonja.

"Mama, sukari imezidi."

"Mizani haina betri," Tsonka alisema, akaenda kutafuta kitambaa chake cheusi cha kichwa.